Miti ya Mfalme, Ukuta wa Wenye Nyumba: Somo Kuhusu Programu Huria



Kila unapofika wakati wa kuandika maombi ya miradi, kompyuta hazikosi kwenye orodha. Zahanati inaomba kompyuta mbili na programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Shule inaomba programu ya ada. Ofisi ya parokia inaomba programu ya zaka na vyeti vya ubatizo. Bei ya kompyuta wengi tunaijua, maana ukishuka Mwenge au Kariakoo unaweza kuiuliza dukani. Lakini programu, na hasa masharti yake, kamati nyingi huipitisha bila swali hata moja.

Somo la robo hii linahusu maswali hayo. Tutajifunza kutokana na kazi ambazo Serikali na taasisi za umma nchini mwetu zimezifanya kwa kutumia programu huria. Tutaona kilichosimama, kilichonyauka, na sababu zake.

Tuanze na mfano

Tuchukue zahanati moja ya parokia. Ni mfano wa kufikirika, lakini msomaji ataona kwamba unaweza kutokea popote. Mfadhili ametoa shilingi milioni 12. Kijana mwenye kampuni ndogo anakuja na programu yake, anaifunga kwenye kompyuta na kuwafundisha wauguzi kwa siku mbili. Mwaka wa kwanza kazi inakwenda vizuri. Foleni imepungua, na Sista anayesimamia zahanati anatoa shukrani mbele ya kamati.

Mwaka wa tatu fomu za taarifa zinabadilishwa, na programu haina nafasi ya kujaza yale mapya. Kijana anapigiwa simu, namba haipatikani. Anaitwa fundi mwingine. Fundi anakaa mbele ya kompyuta saa nzima, kisha anatikisa kichwa. Programu imefungwa, maandishi yake ya ndani anayo aliyeitengeneza peke yake, na leseni ya mwaka imekwisha. Majina ya wagonjwa, mahudhurio ya kliniki ya akina mama na kumbukumbu za chanjo za watoto zimo humo ndani, na hakuna anayejua kuzitoa. Jumatatu Sista anafungua daftari jipya, anapiga mistari kwa rula, na kuanza tena na mgonjwa namba moja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwepo, ila ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Wala tusimlaumu kijana peke yake. Kamati ilisaini mkataba bila kuuliza nani atakuwa na ufunguo siku yeye akiondoka.

Programu huria ni nini?

Wengi wetu tumewahi kusimamia mradi wa maji, kwa hiyo tutumie pampu. Kuna pampu ambayo aliyeiuza ameiziba, hata michoro yake hakuna anayeruhusiwa kuiona. Ikiharibika ni lazima umsubiri yeye, kwa bei yake. Na kuna pampu ambayo michoro yake inatolewa pamoja nayo. Fundi yeyote aliyejifunza anaweza kuifungua, kuitengeneza, hata kuiboresha, na kijiji jirani wakiipenda wanaruhusiwa kutengeneza ya kwao kwa michoro ileile.

Programu huria ni pampu ya aina ya pili. Leseni yake inampa mtumiaji ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza jinsi ilivyoandikwa, kuibadilisha ilingane na mahitaji yake, na kuwagawia wengine, ama kama ilivyo au baada ya kuibadilisha. Fikra hii ilipewa nguvu na Mmarekani Richard Stallman, aliyetangaza mradi wake mwaka 1983. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alianzisha Linux na kuwaalika wengine waisahihishe na kuiongezea. Leo simu za Android zilizomo mifukoni mwetu zimejengwa juu ya Linux.

Hapa kuna jambo ambalo mara nyingi halieleweki. Huria si sawasawa na bila gharama. Ada ya leseni mara nyingi haipo, lakini umeme, intaneti, mafunzo na mshahara wa mtaalamu vipo palepale. Anayeiambia kamati kwamba programu huria haitagharimu kitu anaipotosha.

Nehemia sura ya tatu

Kazi ya kushirikiana namna hii si ngeni kwa msomaji wa Biblia. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya tatu, tunasoma orodha ndefu ya majina ambayo wengi huiruka. Ni orodha ya waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu. Makuhani wamo, mafundi wa dhahabu wamo, watengeneza manukato wamo, na Shalumu yumo pamoja na binti zake. Wengi walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe, na aliyefuata akaunganisha pale jirani yake alipoishia. Ukuta ukakamilika kwa siku 52.

Tuangalie mambo mawili. Kwanza, Nehemia alikuwa na mfadhili. Alikwenda na barua za Mfalme Artashasta ili apewe miti ya milango. Mfalme alitoa miti, lakini ukuta walijenga wenye nyumba, na ndio waliobaki kuulinda. Pili, orodha haifichi kwamba wakuu wa Watekoa walikataa kutia mabega yao katika kazi ile. Wapo watu wanaopenda kuishi ndani ya ukuta bila kubeba jiwe.

Tushike mambo hayo mawili tunaposoma mifano mitatu ifuatayo. Yote mitatu inaigusa Mwenge na majirani zake. Ukifuata Barabara ya Sam Nujoma kutoka Mwenge unafika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Ukirudi kuelekea mjini unafika Sayansi, Kijitonyama, zilipo ofisi za Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH. Kati ya sehemu hizo mbili imefanyika kazi nyingi ambayo waumini wengi hawajaisikia.

Mfano wa kwanza: kompyuta ikajifunza Kiswahili

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice. Ilikuwa programu ya kuandikia barua, kupiga hesabu na kuandaa maonyesho, na maelekezo yake yote yalikuwa kwa Kiswahili. Mradi wenyewe uliitwa Kilinux. Hawakuhitaji kuomba kibali cha kampuni yoyote, kwa sababu OpenOffice ilikuwa programu huria na leseni yake iliwaruhusu kuitafsiri. Walikaa na kutafuta maneno ya Kiswahili kwa mambo ambayo hayakuwa na majina.

Hata hivyo, leo ni vigumu kuikuta Jambo OpenOffice katika ofisi zetu. Programu haikai kama kitabu kilichokwisha kuchapwa. Kila toleo jipya huleta maneno mapya ya kutafsiri na makosa mapya ya kurekebisha. OpenOffice yenyewe ilibadilika, na mwaka 2010 wengi wa waliokuwa wakiiendeleza walijitenga wakaanzisha LibreOffice. Tafsiri isiyokuwa na watu wa kuifuata kila mwaka huachwa nyuma. Aidha, ofisi na shule ziliendelea kufundisha na kutumia programu zilizozoeleka za Kiingereza.

Funzo: leseni huria ilifungua mlango, lakini mlango peke yake hauhifadhi nyumba. Mradi wenye mwanzo na mwisho haukidhi kazi isiyokuwa na mwisho.

Mfano wa pili: ramani ya Tandale

Kilomita chache kutoka Mwenge ipo Tandale. Mwaka 2011 wanafunzi wa vyuo na wakazi walizunguka mitaa yake wakiwa na vifaa vidogo vya kupokea mawimbi ya setilaiti. Walitia alama njia, shule, vituo vya maji, vyoo na mahali pa kutupa taka. Taarifa hizo waliziweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuisahihisha.

Desemba ya mwaka huohuo Dar es Salaam ilipata mafuriko makubwa yaliyoua watu na kuwaacha wengi bila makazi. Ikaonekana wazi kwamba kupanga mifereji na uokoaji ni vigumu mahali ambapo ramani haipo. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria. COSTECH, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na kundi la kimataifa la wachora ramani wa misaada ya dharura walishirikiana. Wanafunzi walitembea na wajumbe wa mitaa katika kata zinazopatwa na mafuriko, wakiandika mifereji iko wapi, ina kina gani, na imeziba wapi.

Hapa tunamwona Nehemia waziwazi. Mwanafunzi alikuja na kifaa, lakini aliyejua maji hupita nyuma ya nyumba ya nani ni mama anayeishi pale. Kila mmoja alijenga sehemu iliyoelekea mlango wake.

Nayo ramani ina shida ya aina yake. Desemba 2015 nyumba nyingi za bonde la Msimbazi zilibomolewa. Ramani iliyochorwa kabla ya hapo isiposahihishwa itaonyesha nyumba zisizokuwepo. Uzuri wake ni kwamba haimsubiri mwenye kampuni. Kijana wa jumuiya mwenye simu na mafunzo ya siku moja anaweza kuisahihisha. Parokia iliyo bondeni inaweza kuitumia bila kulipa leseni, kwa sharti la kutaja ilikotoka, ili kujua wazee na wagonjwa wanaishi wapi kabla ya mvua za masika.

Mfano wa tatu: vitabu vya MTUHA

Mfano huu ndio unaogusa zaidi zahanati zetu. Tangu miaka ya 1990 kila kituo cha afya nchini hujaza vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Vituo vya Kanisa navyo hujaza, kwa kuwa huduma yao ni sehemu ya huduma ya taifa, jambo lililotiwa nguvu na makubaliano ya mwaka 1992 kati ya Serikali na Makanisa. Zamani takwimu za mwezi zilipanda kwa karatasi kutoka kituo hadi wilaya, mkoa na Wizara.

Kufikia mwaka 2013 Wizara ya Afya ilikuwa imesambaza nchi nzima mfumo wa kompyuta unaoitwa DHIS2. Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 2011. DHIS2 ni programu huria. Mizizi yake ipo Cape Town, Afrika Kusini, katika miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi, wakati watu walipotaka kujua huduma za afya zinafika wapi na zinaishia wapi. Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, kiliiendeleza pamoja na vyuo vya nchi nyingi, kikiwemo cha Mlimani. Wataalamu wa Mlimani hawakupokea sanduku lililofungwa. Waliufungua mfumo, wakaweka humo fomu za MTUHA, na kuwafundisha watumishi. Leo nchi zaidi ya 70 zinautumia.

Ushirikiano huo ulionekana hasa mwaka 2020. UVIKO-19 ilipoanza kuenea, wataalamu wa Sri Lanka walitengeneza haraka sehemu ya DHIS2 ya kufuatilia wasafiri na wagonjwa, wakaiweka wazi. Nchi nyingi ziliichukua. Miongoni mwa waliotumia kazi hiyo ni halmashauri za Norway, nchi ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ikigharimia mfumo. Wahisani wetu walitafakari hilo. Katika kazi iliyo wazi, aliyezoea kupokea naye hupata nafasi ya kutoa.

Je, hakuna mapungufu? Yapo. Takwimu zikijazwa vibaya kituoni, kompyuta haizigeuzi kuwa za kweli. Mara nyingi muuguzi yuleyule hujaza daftari na fomu, na mchana una saa zilezile. Na gharama kubwa za mfumo bado hutegemea fedha za nje. Mwaka 2025 Marekani ilisitisha misaada mingi na kulifunga shirika lake la USAID, na miradi mingi ya afya katika nchi zetu ikatikiswa. Programu huria haikingi mshahara wa mtu. Inachokinga ni kitu kingine: fedha zikikatika, hakuna mwenye leseni wa kuja kuuzima mfumo, na waliojifunza kuutunza wana haki ya kuendelea.

Wazi ni programu, si siri ya mgonjwa

Kuna hofu ambayo wanakamati huwa nayo, nayo ni ya haki. Je, programu ikiwa wazi, magonjwa ya watu hayatasomwa na kila mtu? Hapana. Michoro ya kufuli ikijulikana na mafundi wote, ufunguo wa mlango wako unabaki wako. Kinachokuwa wazi ni namna programu ilivyoandikwa. Taarifa za wagonjwa hulindwa kwa nywila, kwa nidhamu ya watumishi na kwa sheria. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini, na ofisi za parokia zenye orodha za watu hazina budi kuijua.

Vilevile programu wazi si dhamana ya uwazi wa wenye mamlaka. Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi wa serikali mwaka 2011, kisha ikajitoa mwaka 2017, wakati mifumo huria tuliyoitaja ikiendelea kufanya kazi. Chombo kinaweza kuwa wazi na mkono unaokishika ukabaki umefumba. Kwa hiyo kamati isidhani kwamba ikipata programu huria imekwisha kutimiza wajibu wa kusoma mapato na matumizi mbele ya waumini.

Maswali matano kabla ya kusaini

Tunapendekeza kila kamati iyaulize haya, na majibu yaandikwe kwenye mkataba:

1. Leseni ni ya aina gani? Je, tunaruhusiwa kumpa fundi mwingine airekebishe?
2. Tukiachana na muuzaji, tutazitoaje kumbukumbu zetu, na kwa muundo gani ambao programu nyingine inaweza kuusoma? Aonyeshe kwa vitendo kabla ya malipo ya mwisho.
3. Ni watu gani wawili wa parokia au wilaya watakaofundishwa kuitunza? Mmoja hatoshi, maana anaweza kuhamishwa.
4. Mwaka wa pili na wa tatu utagharimu kiasi gani, na fedha zitatoka wapi?
5. Je, Serikali au dayosisi tayari ina mfumo wa kazi hii? Kama upo, tusinunue mwingine usiozungumza nao.

Kwa wahisani wetu neno ni moja. Ni rahisi kugharimia kompyuta, kwa sababu inapigwa picha siku ya kukabidhiwa. Tunawaomba mgharimie pia kile kisichoonekana pichani: mafunzo, posho ya kijana anayerekebisha mfumo, na miaka miwili ya matunzo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya tafsiri iliyoachwa nyuma na mfumo uliokaa. Miti ya mfalme ni ya lazima, nasi tunaishukuru. Lakini wajenzi wasipofundishwa, miti hulala chini mpaka ikaoza.

Hitimisho

Turudi kwa Sista na daftari lake jipya. Kama kamati ingeuliza swali la pili tu, siku ileile ya kusaini, kumbukumbu zingeokoka hata kama kijana angehama na programu ingekufa. Mtoto aliyechanjwa angekuwa na ushahidi wa chanjo yake, na mama mwenye presha asingeulizwa upya historia yake yote. Hayo ndiyo yaliyo mezani tunapojadili kitu kinachoonekana kuwa cha wataalamu wa kompyuta peke yao.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika parokia yetu, kumbukumbu zipi ziko mikononi mwa mtu mmoja tu? Akiondoka kesho, itakuwaje?
2. Nani katika jumuiya zetu ndogo ndogo ana ujuzi wa kompyuta, na je, tumewahi kumwalika abebe jiwe lake?
3. Someni Nehemia sura ya tatu yote, pamoja na majina yake. Sehemu ya ukuta inayoelekea mlango wetu ni ipi?

Kamati zitakazoyajadili maswali haya zinaombwa kuandika majibu yao kwa ufupi na kuyaleta katika mkutano wa robo ijayo, ili tulichojifunza mahali pamoja kisaidie na pengine.